Amin Iliyopenya Ukuta wa Mbao

Mambo haya nimeyaficha mwaka mzima. Mtu wa umri wangu, anayeitwa Maalim na kila mzazi wa mtaa wetu wa Satwa aliyewahi kuniletea mtoto kusoma Qur'ani, hapendi kueleza alivyojifedhehesha mbele ya jeshi la nchi yake, lakini bora niseme mwenyewe, maana Mzee Khamis anayasimulia dukani kwake huku akicheka, na mimi sijapata bado pa kuchekea.

Mjukuu wangu Rukia alikuwa anamaliza sekondari hapa Dubai, na tangu ana miaka kumi hakuwa na neno jingine ila kuwa afisa wa jeshi nyumbani Tanzania. Alikimbia kila siku baada ya Alfajiri, akatandika kitanda chake kama mtu anayesubiri kukaguliwa. Akaomba nafasi katika chuo cha maafisa, akapita mtihani wa kuandika, alhamdulillahi, ukabaki usaili, ambao kwa walio nje ulifanywa kwa simu ya video. Barua ilisema wazi kwamba anayesailiwa awe peke yake, na kwamba nafasi za walio nje ni za wanaomaliza shule mwaka huo tu, ukikosa umekosa. (Barua hiyo niliisoma mwenyewe, kwa miwani, mara mbili. Sina udhuru.)

Sasa, nyumba yetu ni chumba kimoja tulichokigawa kwa mbao, kama wafanyavyo wengi hapa: upande mmoja analala Rukia na mama yake, upande wa pili mimi, vitabu vyangu na busati la wanafunzi. Nikajiambia kwamba peke yake ni upande wake, na huku kwangu kuna ubaya gani nikimsomea Yasini na watu wawili tu, kimya kimya? (Mama yake alikuwa kazini kwa madam wake, la sivyo angenizuia.)

Nikamwita Mzee Khamis, mtu wa Mombasa anayeuza vipuri vya magari, na jirani yetu Bi Saumu. Khamis akaja na dereva wake, dereva akaja na wenzake wanne kutoka kambi ya vibarua ya Muhaisnah waliokuwa na siku ya mapumziko (utamfukuzaje mtu aliyekuja kusoma Yasini?), Bi Saumu akaja na dada zake wawili na sinia ya vitumbua. Viatu vikajaa mpaka kwenye lifti. Tulikuwa kumi pamoja nami.

Rukia akachungulia, shati jeupe limenyooshwa, mtandio umebanwa kwa pini.

"Babu, hawa wote?"

"Kimya kimya, mwanangu. Hutatusikia."

Akawatazama watu, akanitazama mimi, akafunga mlango. Hakunijibu, kwa kuwa sikumlea kunijibu.

Yasini tuliisoma kwa midomo tu. Balaa lilikuja kwenye dua. Nilinong'ona, "Ya Rabbi, mfungulie," na Mzee Khamis, ambaye masikio yake yamezeeka kumliko mwenyewe na kila akisemacho hudhani ananong'ona, akaitikia kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Amiiin!" Na mnajua amin ilivyo, mmoja akiitoa kwa nguvu, wote humfuata bila kufikiri.

Mara ikatoka kwenye simu, upande wa Rukia, sauti ya mwanamke, nzito: "Binti, uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu, afande."

Nikampungia Khamis mkono anyamaze, naye akadhani namhimiza. "Amiiin! Amin, ya Rabbi!"

"Geuza simu," sauti ikasema. "Fungua mlango."

Mlango ukafunguka, tukaonekana wote, viganja juu, dereva na kitumbua mdomoni, mimi katikati, kofia imekaa upande. Mzee Khamis akainuka akapiga saluti. "Afande! Mchukueni huyu, mtoto mzuri sana, wallahi!"

Maafisa walikuwa watatu, na hakuna aliyecheka. Yule mama akasema taratibu, na afadhali angefoka: "Binti, sauti za wazee tungezisamehe. Ungesema tu babu yangu ananiombea, tungesubiri. Kulenga shabaha tutakufundisha. Kusema kweli mtu huja nako kutoka kwao."

Kwao ni kwangu.

Watu wakatafuta viatu vyao bila kuagana. Kesho yake nikaandikia chuo kwamba kosa ni langu, na jibu likaja kwa adabu, mistari miwili, hapana.

Lakini jioni ile ile ya usaili nilimuuliza Rukia kwa nini alisema uongo. Alikuwa akifungua pini za mtandio.

"Wangesema babu yangu hajui kufuata amri," akajibu. "Sikutaka wakudharau, Babu." Kisha akaniletea maji na dawa yangu ya presha, kama kila jioni.

Siku hizi anapokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno Al Jaddaf. Ni kazi ya halali, nashukuru. Ila baada ya Alfajiri bado namsikia akifunga kamba za viatu, anatoka kukimbia, ingawa hakuna atakayempima. Nimeweka nadhiri sitamkusanyia tena mtu watu wa kumwombea. Nasubiri afunge mlango, nasubiri lifti ishuke naye, ndipo nasema amin, moyoni, hata mbao zisisikie.