Siku Moja Iliyomzidi Shaaban

Mdogo wangu Shaaban alikuwa askari wa wanyamapori kule kwetu Tana kwa miaka kumi na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwakamata wanaowinda. Leo yuko ng'ambo na mimi, anakata nyama katika bucha ya halali hapa Brooklyn Park, na mwaka jana akaamua kwamba anataka kuwinda. Nikamuuliza kama ana homa. Akaniambia huku mtu hulipia leseni, na pesa za leseni ndizo zinazowatunza wanyama.

Aliyemtia hamu ni mteja wake John, mzee wa Blaine, mji jirani. John ana miaka sabini na minne, magoti yamekwisha, na alisema Novemba hii ndiyo ya mwisho kwake kuwinda kulungu. Shaaban akamwahidi watakwenda pamoja.

Basi akaenda dukani kununua leseni. Binti wa kaunta akakitazama kitambulisho, akasema hawezi kumuuzia. Sheria ya jimbo inataka kila aliyezaliwa baada ya tarehe thelathini na moja Desemba 1979 asome kwanza darasa la usalama wa bunduki. Kitambulisho cha Shaaban kinasema mosi Januari 1980. Siku moja ilikuwa imemzidi.

Na siku yenyewe ni ya uongo. Shaaban alizaliwa 1978, katika mwezi wa Shaaban, ndiyo maana akaitwa hivyo. Mama alikuwa bado hajatoka arobaini redio ilipotangaza kifo cha Mzee Kenyatta. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na mkunga alinipa nimshike. Miaka baadaye baba alikwenda kumtolea cheti, karani akauliza tarehe, baba akasema andika iliyo nyepesi. Nusu ya watu wa Pwani ninaowajua hapa wamezaliwa mosi Januari. Tungeweza kukodi ukumbi mmoja tusherehekee pamoja.

"Si ukasome tu?" nikamwambia.

"Nikae na watoto wa miaka kumi na mmoja nionyeshwe mdomo wa bunduki uko wapi? Dada, mimi nimelala na bunduki porini."

Lipo darasa la watu wazima la kwenye kompyuta. Hilo nalo hakulitaka. Kiburi kilikuwa kimempanda. Akasikia kwamba kamati ya bunge la jimbo kule Saint Paul inajadili mswada wa ada na kanuni za uwindaji, na kwamba mtu yeyote anaweza kujiandikisha aseme dakika mbili. Akajiandikisha. Akaniandikisha na mimi, kama shahidi, bila kuniuliza.

Nikamkumbusha kwamba mwezi unaofuata ana mahojiano ya uraia, na fomu zake zote zina mosi Januari. "Ukisema kwenye kipaza sauti kuwa karatasi zako zina uongo, utawinda wapi? Tana?"

Akasema hatalitaja hilo. Ataomba siku moja tu.

Tulingoja saa tatu. Watu walibishana juu ya ada ya leseni, ipande isipande, kwa ukali ambao kwetu huwekewa ugomvi wa mirathi. Zamu yake ilipofika Shaaban alifunga kifungo cha koti, akawaomba waisogeze tarehe mbele kwa siku moja. Wajumbe wakacheka kidogo. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, akamuuliza kwa wema kabisa:

"Kwa nini hiyo siku moja? Kwani ulizaliwa lini hasa?"

Akakishika tena kifungo cha koti.

"Mosi Januari 1980," akasema.

Mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe ndiye dada yake mkubwa. Unaikumbuka siku hiyo?"

Nilikumbuka kila kitu. Nilikumbuka moshi wa udi, na mama akiniambia kwa sauti ndogo nishike kichwa, nisimwangushe.

"Naikumbuka," nikasema. "Ilikuwa mwaka mpya."

Wakaandika. Mama yuko kaburini Malindi, na mimi nimeifuta siku aliyohangaika kumzaa. Iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Wakatushukuru. Tarehe ikabaki pale pale. Garini, tulipokaribia nyumbani, Shaaban akaniuliza:

"Dada, mwezi wa saba utaniletea mkate wa sinia?"

Mama alikuwa akimpikia kila mwisho wa Julai, siku aliyozaliwa kweli, na tangu afariki napika mimi.

"Mkate wa nini? Mtu wa Januari wewe."

Hakucheka. Mimi pia sikuweza.

Uraia aliupata mwezi wa tano. Mwisho wa Julai, ili aiwahi Novemba ya John, akaingia darasani kule Blaine, watoto kumi na wanne na Shaaban. Mwenyewe alilichagua hilo badala ya la kompyuta, na sababu hakunipa. Siku ya mtihani nilimngoja kwenye maegesho. Akatoka na cheti chake. Alikuwa amekosa swali moja, na bado alikuwa akilibishia.

Nikamfungulia mkate. Akala amesimama, ameegemea gari, kipande cha kwanza, kisha cha pili.

"Hiliki imezidi," akasema.

"Mama alikuwa akiweka hivyo hivyo."

"Najua," akasema, akanyoosha mkono nimkatie kingine.