Maziwa ya Wifi

Mama yangu anaugua tumbo, na asubuhi haliwezi kupokea kitu ila maziwa ya mbuzi. Anaishi kwangu, hapa Nyakabiga, na mbuzi ninao uani. Lakini maziwa anayokunywa yanatoka kwa wifi yangu, mke wa kaka, nyumba ya pili kutoka kwetu. Yangu huyanusa tu, akasukuma kikombe.

“Yako inanuka beberu, mwanangu. Ya wifi yako njo maziwa ya kweli.”

Niliona wivu, na sioni haya kusema. Mimi ndiye mtoto wa tumbo lake. Yule alikuja na harusi. Kila asubuhi analeta termosi yake nyekundu, anaiacha mlangoni na kwenda zake sokoni, na mama anatabasamu kabla haijafunguliwa.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba beberu ni wangu. Wifi hana dume. Mbuzi wake huja kupandishwa kwangu, kisha anarudi nyumbani. Harufu inabaki uani kwangu, utamu unakwenda kwake.

Nilimpenda yule beberu, kwa mbegu yake na kwa kiburi chake. Hata hivyo nilimpeleka mtaa wa Kinama, kwa binamu yangu. Nikafagia banda. Nikawa naosha viwele kwa maji ya uvuguvugu na kuvikausha kwa kitambaa safi, maziwa ya kwanza kutoka nayamwaga, yanayobaki nayachuja na kuyachemsha papo hapo. Siku zikapita, harufu ikaisha. Nilipoonja, sikusikia beberu hata kidogo.

Nikampelekea mama. Hakugusa.

“Apana. Mi nitangojea ya wifi yako.”

Nilirudi jikoni na hasira. Termosi ilikuwa imekwisha kuletwa. Nikamimina maziwa ya wifi kwenye sufuria, nikatia yangu ndani ya termosi, nikaenda nayo chumbani na kummiminia mama huku anaiona.

Alikunywa yote. Nilifurahi mno, nikajiona nimeshinda. Akapangusa midomo, akaninyooshea kikombe apewe tena, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue.

“Leo amezidi,” akasema. “Allah amulipe huyu mutoto. We ungejua kukamua kama yeye, singesumbua watu.”

Ulimi uliniwasha. Lakini nilijua nikisema ukweli ataanza kunusa, na tumbo lake halina chakula kingine. Nikamjazia kikombe, nikasema amina.