Nilivyotumwa Sinema na Shangazi

Watu wengine hutumwa Mombasa dawa au kitambaa. Mimi nilitumwa picha. Ilikuwa miaka ile bendera yetu ingali mpya, na shangazi yangu Mwanasha alikuwa amekaa eda nyumbani kwetu Msambweni. Mjane wa eda hatoki, hatii wanja wala hajifukizi udi. Hayo yote aliyavumilia. Kilichomkaa rohoni ni kwamba picha mpya ya Kihindi ilikuwa imefika mjini, na marehemu mumewe hakuacha kumpeleka hata moja. Tangu mume azikwe, Shangazi alikuwa hali ila kwa kubembelezwa, na kucheka alikuwa amesahau. Akaniita chumbani.

"Nenda ukaitazame, mwanangu, uje unihadithie. Nzima. Usinikatie hata wimbo."

"Inshallah, Shangazi." Nani angekataa kutumwa sinema?

Jumamosi asubuhi nilipanda basi na kikapu cha ng'onda, wale samaki wa kukaushwa juani, zawadi ya kumpelekea Zuhura, binti ya ami yangu aliyeolewa Mombasa. Walinuka mpaka utingo akaniuliza kama nimebeba maiti. Nikamwambia nimebeba kitoweo cha watu wenye adabu. Tulipofika Ukunda akanihamishia nyuma kabisa, na kina mama wa nyuma wakanisogezea nafasi bila neno, maana nao walikuwa na ng'onda wao.

Likoni tulivuka kwa feri, na adhuhuri nikawa nyumbani kwa Zuhura, nakula wali wa nazi.

"Kesho alasiri ni onyesho la wanawake watupu," akaniambia. "Jitayarishe kulia."

Jumapili ukumbi ulijaa pomoni. Mabuibui yalivuliwa yakawekwa mapajani, mabuyu yakapitishwa, watoto wachanga wakanyonyeshwa. Kihindi hatukukijua, lakini Zuhura alinifasiria kwa kujiamini kama aliyezaliwa Bombay. Bwana mmoja alivuka mto wakati wa mafuriko, hakurudi. Mkewe akaambiwa amekufa. Akaja tajiri mwenye masharubu kuposa, na ukumbi mzima ukamwonya bibi yule: "Usimkubali huyo, ana macho ya wizi."

Kisha ukaja wimbo. Ulipokwisha tukapiga viti kutaka urudiwe, kama ilivyokuwa ada ya maonyesho yale, na mwenye mashine akaurudisha. Tukapiga tena. Kusema kweli, hakuna aliyepiga kiti kunishinda. Wakati ulikuwa ukienda, nami sina habari.

Mwishoni, usiku wa mvua, mlango wa bibi yule ukabishwa. Akasimama, akaweka mkono kwenye komeo. Zuhura naye akanishika mkono wangu.

"Basi lako la mwisho. Twende."

"Hebu afungue kwanza."

"Ukilala kwangu usiku wa pili bila ruhusa, babako atanila nyama."

Nilitoka kinyumenyume, macho kwenye komeo lile, nikikanyaga watu miguu.

Kutoka Likoni hadi Diani sikuona njia. Ningemwambia nini Shangazi? Nikisema aliyebisha ni mume, nitakuwa namhadithia kurudi kwa mume yeye ambaye wake harudi tena. Nikisema ni tajiri, nitamvunja moyo kabisa. Niliogopa kwelikweli.

Msambweni nilifika Isha imeshaswaliwa. Majirani walikuwa wamekwisha kaa mkekani chumbani kwa Shangazi, wakinisubiri. Nikahadithia, nikaimba nilichokumbuka. Penye mafuriko Shangazi alilia sana, na penye tajiri akamwapiza vizuri. Nikafika penye mlango kubishwa, nikakomea hapo.

"Enhe? Nani?" akauliza Shangazi.

"Sijui, Shangazi. Basi lingeniacha."

"Ni mumewe, ni nani tena," akasema jirani mmoja, kisha akajiziba mdomo kwa leso. Nilitamani kurudi Mombasa kwa miguu.

Shangazi akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kile chake cha zamani, mpaka kanga ikamwanguka kichwani.

"Nimekutuma picha nzima," akasema, "umeniletea mlango!"

Kisha akaomba wali, kwa kinywa chake, bila kubembelezwa na mtu. Jirani yule akataka kunidodosa tena, Shangazi akamkatiza.

"Asiulizwe. Zamani marehemu ndiye akinipeleka. Eda ikiisha nitajipeleka mwenyewe, na nitakaa mpaka mlango ufunguliwe."