Mtama wa Mjane wa Mkunya

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, njaa ilibaki. Askari wa Wajerumani walikuwa wamechoma maghala, na watu wa Newala waliishi kwa ming'oko, mizizi ya porini. Mimi nilikuwa mwanamke kijana, nafundisha watoto kusoma kwenye misheni ya Masasi. Wafadhili wa misheni, watu wa Ulaya tusiowajua hata sura, wakatuma mbegu za mtama mwekundu. Kila nyumba ilipata kibaba kimoja.

Baada ya misimu kadhaa ya mavuno wafadhili waliandika barua: msaada wetu umesaidia watu wangapi? Bibi wa Kizungu aliyesimamia shule akatumwa kwenda kuuliza, nami nikafuatana naye kama mkalimani, kwa kuwa mama yangu alikuwa Mmakonde.

Huko Mkunya, kijiji kimoja cha Newala, tulianza kwa mjane mmoja.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Bibi akauliza kama zile mbegu alizila au alizipanda.

"Nilizipanda. Nilizifunga kwenye kitambaa, nikazificha darini nisizione. Kitinda mimba wangu alikuwa analia njaa. Alifariki kabla ya mvua."

Nilitafsiri polepole. Bibi aliweka kalamu chini. Kisha akauliza lile swali la kwenye karatasi: wangapi wamesaidika?

"Sijui," mjane akasema. "Nilipovuna niliwagawia mbegu wenzangu waliokuwa wamezila zao. Twendeni mkaone."

Tukamfuata. Shamba la kwanza lilikuwa la wifi yake, la pili la jirani. Mwenye la tatu alisema mbegu alipewa na yule jirani. Tukaendelea, kijiji hadi kijiji, na kila mahali tulikuta mabua ya mtama uleule mwekundu. Jua lilipoanza kushuka tulifika kwa mzee mmoja ambaye mjane hakuwahi kumwona. Mbegu zake zilitoka kwa mkwewe, na mkwewe alipewa na mtu wa mbali zaidi.

Mjane akakaa chini, pale pale njiani.

"Sikujua kama mtama wangu umefika huku," akasema kwa sauti ndogo.

Nilimtazama mwanamke yule, miguu imejaa vumbi, nikaona nimesimama mbele ya jambo kubwa kuliko vita nilivyovishuhudia.

Bibi aliporudi Masasi aliandika barua, akanipa niisome. Penye idadi hakujaza kitu. Alieleza tu tulikopita na tuliyoyasikia. Niliogopa wafadhili watakasirika, lakini baada ya miezi mingi yalikuja majembe, na maagizo kwamba mjane ndiye ayagawe.

Aliyagawa kwa siku nne. Kila aliyefika alimkalisha kwanza, akamuuliza habari za nyumbani kwake, akasikiliza mpaka mwisho.