Theluthi Yangu ya Kichwa cha Treni

Mdogo wangu wa kiume aliponiambia kuwa kichwa cha treni cha baba kinakwenda kuwekwa kwenye kipilefti cha kuingilia mjini, kipakwe rangi ya dhahabu na kuwashiwa taa, nilimwuliza kama ana homa.

"Dada, nimeshawaahidi manispaa," akasema. "Na kwa sheria ya mirathi theluthi mbili ni zangu."

Ebo! Baba alikuwa mchochea moto wa treni Tabora. Tulipohamia Oman alikinunua kichwa hicho, chuma chakavu cha shamba la mkonge, akakileta kwa meli na kukitandikia reli nyembamba kuzunguka shamba letu la mitende hapa Fanja. Alipofariki, wazee wawili waliofanya naye kazi reli, muuguzi mmoja wa kike na mimi tukaendelea nacho. Hatulipwi hata baisa. Ijumaa baada ya alasiri tunawapakia watoto wa mji bure, na masizi yanatuingia mpaka masikioni. Watu walisema mwanamke mzima kushika beleshi la moto ni aibu. Aibu yao.

"Haya," nikamwambia. "Chukua theluthi mbili zako. Magurudumu, bodi, filimbi, beba! Theluthi yangu ni tanuru, na tanuru lina moto."

Akanicheka. "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Mie si mshindani. Mie mrithi."

Wala sikuwa na mzaha. Kreni hainyanyui kichwa cha treni chenye moto na mvuke. Ami mmoja, katika wale wazee wa reli, alinihakikishia. Basi tukakubaliana moto usizimwe. Tukapokezana, tukachochea kwa makuti na magogo ya mitende iliyokufa. Kuni zilikuwa tele, maji ndiyo yaliyotutoa jasho. Boila inakunywa kuliko ngamia, na shamba letu hupata maji ya falaji, mfereji wa kale wa mji mzima, kwa zamu. Zamu nayo tumeirithi vilevile, theluthi mbili zake, moja yangu. Yangu yote nikaielekeza kwenye tangi la treni, mitende yangu ya khalasi nikaiacha na kiu katika joto lile la kiangazi. Ilipoanza kuangusha tende changa nililia, wallahi. Lakini maji sikuyageuza.

Kreni ikaja asubuhi moja, mdogo wangu akiifuata nyuma. Dereva akaweka kiganja kwenye boila, akakirudisha upesi huku akikipuliza.

"Hiki sikigusi," akasema kwa Kiarabu. "Zimeni kwanza."

"Tutazima nikishazikwa," nikamjibu.

Ami akaipiga filimbi, ndefu, mpaka mbuzi wa jirani wakatawanyika. Dereva akapanda kreni yake akaondoka.

Mdogo wangu akabaki. Nilingoja matusi, na yangu nilikuwa nayo tayari mdomoni. Akapita katikati ya mitende yangu, akaokota tende zilizosinyaa, akazitazama kiganjani. Kisha akashuka mferejini, akaondoa jiwe na tambara lililoziba njia, na maji ya zamu yake yakageukia kwenye mitende yangu.

"Usinionee huruma!" nikampigia kelele. "Peleka maji kwako!"

"Nyamaza, dada," akasema bila kugeuka. "Chochea moto."