Mbele ya Kioo

Asubuhi ya mwisho mke wangu alisimama mbele ya kioo, kitana mkononi, akijizoeza maneno. Alikuwa mtaalamu wa programu za kompyuta, mwanamke pekee kwenye timu. Mimi ni seremala, shule sikuiona. Wenzake walimwita "mama" kwa adabu zote, wakamvutia kiti, kisha akifungua mdomo wanamkatiza na kumwomba awamiminie chai. Basi kila asubuhi alitafuta namna ya kuwajibu bila ukali, wasije wakasema ana hasira.

Asubuhi ile nikamdakia: "Mama watoto, chai inapoa."

Akageuka, akacheka. "Na wewe mzee, wamekuajiri lini huko?"

Siku hiyo hakurudi. Moyo wake ulisimama mkutanini. Msibani bosi wake alimsifu kwa upole. Nikamuuliza kama siku ile walimwacha amalize kuzungumza. Akanipa pole mara ya pili.

Sasa kila asubuhi namsikia mke wangu pale kwenye kioo. Chai inapoa na mimi nanyamaza, asikatizwe tena. Anaanza vilevile, kwa sauti ya chini: "Samahani ndugu zangu, naomba nimalize."