Shemeji Atarudi kwa Miguu Yake

Mwaka jana shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alirudi kutoka kwenye mbio ndefu za jiji akiwa amelala juu ya mkokoteni wa muuza kabichi. Alipitishwa mtaa mzima, mchana kweupe, goti limevimba kama boga, namba ya mashindano ingali kifuani. Nilikuwa dirishani. Niliona kila kitu, na kila mtu aliona kwamba nimeona. Kufika Jumatatu alikuwa na jina jipya: Mkokoteni. Haukupita muda, watoto wakimwelekeza mgeni nyumbani kwetu walisema, "Nenda pale kwa Mkokoteni." Nyumba aliyoijenga mume wangu, mtu ambaye watu walisimama akiingia mahali!

Shemeji ni fundi wa vigae. Kutwa anapiga magoti kwenye majiko na mabafu ya watu, akipaka gundi, akigonga vigae kwa nyundo ya mpira, akifumba jicho moja kupima mstari. Jioni anavaa raba na kukimbia. Magoti yake hayajui likizo. Yakiuma alijichua kwa dawa ya kuwasha, yenye harufu ya kuamsha wafu, kisha akatoka tena, eti goti litapata moto.

Aliposema mwaka huu anakimbia tena, nilimwambia, "Utakimbia, lakini utarudi kwa miguu yako. La sivyo nyumba hii itahama mtaa."

"Shemeji, nyumba haihami."

"Ndiyo maana utanisikiliza."

Nikampeleka hospitalini kwa mtaalamu wa viungo, binti asiye na maneno mengi. Akampandisha ngazi, akamshusha, akambonyeza huku na huku, akageuza raba zake kutazama soli zilizolika upande mmoja. "Baba, goti lako si bovu," alisema. "Mapaja na nyonga zimelala, linabeba mzigo peke yake. Na wewe unaongeza umbali kama mtu anayekimbizwa na mbwa."

Basi nyumba ikawa kambi! Raba mpya zikanunuliwa. Kazini akaanza kufunga mito midogo magotini, ile ile aliyokuwa akiwacheka wenzake kwa kuivaa. Kila asubuhi nilimkuta sebuleni ameegemea ukuta, amekaa hewani bila kiti, mapaja yakitetemeka, nami nakunywa chai na kumkataza kuinuka kabla ya wakati. Umbali aliuongeza kidogo kidogo. Siku ya kupumzika nilimfichia raba kwenye pipa la unga. Goti likinung'unika alipunguza mwendo badala ya kubishana nalo, na jioni akaliwekea barafu iliyofungwa kwenye taulo. Siku moja nikamwona anashuka ngazi bila kushika ukuta, ndoo ya gundi mkononi, anapiga mluzi. Moyo wangu ukaruka!

Sharti moja tu lilinikaa kooni. Mtaalamu alitaka siku ya mbio, kila penye meza ya maji ya wakimbiaji, atembee kidogo, tangu mwanzo, kabla goti halijalalamika. Na meza moja iliwekwa mbele ya duka la kona, mtaani kwetu.

"Pale kimbia tu, shemeji," nilimsihi. "Kwingine tembea, hata ukitaka kaa."

"Goti halijui majirani, shemeji."

Siku yenyewe nilivaa gauni la bluu na viatu vya kisigino, nikasimama pale dukani. Muuza kabichi alikuwepo pia. Alikuwa ameosha mkokoteni na kuutandikia mto! Watu wakavunjika mbavu.

Shemeji akatokea. Akafika mezani, akapunguza mwendo, akatembea. Alichukua kikombe kama mtu aliyekuja kununua chumvi.

"Mkokoteni! Usafiri huu hapa!"

"Mto laini, baba, panda!"

"Mto mtunzieni huyo aliyenipita mbio," akajibu, akafuta mdomo. Kisha akaondoka tena, laini, kama maji kwenye mfereji.

Hapo kitu kikanipanda. Nikajikuta nakimbia! Mkoba kwapani, visigino ko-ko-ko, nikipiga kelele: "Huyo ni wetu! Huyo ni wa nyumba yetu!" Wakimbiaji walizungukia darajani, mimi nikakata kupitia sokoni hadi uwanjani, mbio zilikoishia.

Nilimwona akiingia anacheka. Alivuka mstari, akachuchumaa hadi chini kukaza kamba za raba, akainuka bila kushika kitu. Nililia waziwazi, mbele za watu, na sikujali. Nyuma yangu muuza kabichi, aliyetufuata kwa matumaini, alibaki kuutazama mkokoteni mtupu.

Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika nguzo. Magoti yangu yalikuwa yanawaka moto.

"Mama, panda basi," muuza kabichi akaniambia kwa huruma. "Mto si upo?"

"Mimi? Juu ya mkokoteni?"

Nilivua viatu, nikamshika shemeji mkono, tukarudi polepole, akinisimamisha kila penye kivuli. Pale dukani watu walitupisha njia. Mtu akaita, "Mkokoteni!" na aliyegeuka ni muuza kabichi, aliyekuwa akisukuma nyuma yetu.

Nyumbani shemeji alitoa barafu, akaifunga kwenye taulo, akapiga magoti mbele yangu bila hata kukunja uso, akaniwekea.

"Kesho asubuhi, shemeji, ukutani," akasema. "Chai nitakunywa mimi."